Taa ya bluu, taa nyekundu: gharama za gari dogo ambazo muuzaji hakuambii

JUMATANO moja asubuhi, katikati ya mvua za masika, simu yangu iliita nikiwa kwenye kikao cha kazi mjini Bukoba. Alikuwa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muleba. Hakunisalimia. Alisema, "Gari limezimika. Tuko kati ya Muhutwe na Kemondo, mvua inanyesha, na mtoto anatetemeka."

Mtoto huyo ni mwanawe wa miaka saba. Ana selimundu. Wanaoishi na mtoto wa aina hii hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme kwa kifupi: chembe nyekundu za damu yake hupinda na kukwama kwenye mishipa, na hapo maumivu huanza. Baridi, kuishiwa maji mwilini na uchovu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuyaamsha maumivu hayo. Kwa hiyo kukaa saa moja na nusu kando ya barabara kwenye mvua, nguo zimelowa, ni jambo ambalo tungefanya lolote kuliepuka.

Kibaya zaidi, gari hilo lilinunuliwa ili kuliepuka.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mmekuwa mkiniuliza kuhusu chanjo, lishe na homa za watoto. Wiki hii nawaomba mniruhusu nizungumzie gari. Mimi si fundi. Lakini kwa mwaka mmoja sasa nimejifunza kwamba kwa familia inayoishi mbali na hospitali, gari ni sehemu ya afya ya nyumba, na bovu lake linaweza kula fedha za dawa.

Tulivyonunua

Kabla ya gari, siku ya kliniki dada aliamka saa kumi usiku. Bodaboda mpaka barabara kuu, kisha Hiace iliyojaa mpaka Bukoba, takriban kilomita 70, kisha bodaboda nyingine. Mtoto alifika amechoka kabla hajaonwa na daktari. Shemeji yangu anauza dagaa, kipato chake hupanda na kushuka pamoja na ziwa. Dada ana mshahara. Wakakaa, wakahesabu, wakaniuliza.

Mimi ndiye niliyesema wanunue. Nilijumlisha bei ya gari na mafuta, basi. Dada akachukua mkopo SACCOS, shemeji akaongeza fedha za kahawa ya shamba la wazazi, wakapata Toyota Vitz ya mwaka 2006, injini ya 1,300, gari la mkononi lenye namba D. Walilipa shilingi milioni 9.2. Rangi nzuri, viti safi, redio inaimba. Muuzaji alisema halina tatizo hata moja, "wewe ni kuweka mafuta tu."

Sentensi hiyo, mzazi mwenzangu, ukiisikia mahali popote kuanzia Mutukula hadi Biharamulo, shika pochi yako. Hakuna gari la kuweka mafuta tu. Gari la mwaka 2006 limekwisha kutembea miaka mingi Japan, likatembea mingine hapa kwetu, na kila kitu cha mpira kilichomo ndani yake kimezeeka.

Bei nitakazotaja hapa chini zimetoka kwenye daftari la dada kwa mwaka mmoja. Kwako zinaweza kuwa juu au chini kidogo, kutegemea duka, fundi na kama spea imetoka Mwanza, Kariakoo au Kampala. Nia yangu ni uone ukubwa wa mzigo kabla hujajitwisha.

Kuchemsha: bovu lililotugharimu zaidi

Vitz nyingi, na hata Passo, hazina mshale wa joto la injini kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu. Ukiwasha gari likiwa la baridi inawaka taa ya bluu, na injini ikipata joto lake inazimika. Ikiwaka nyekundu, injini imechemka kupita kiasi.

Gari la dada tangu siku ya kwanza lilikuwa na tabia: taa ya bluu ilichelewa sana kuzimika. Asubuhi wangeweza kutoka Muleba mjini wakatembea kilomita nyingi bado inawaka. Hakuna aliyejali. Shemeji alidhani ni pambo.

Siku ile ya mvua, walipokuwa wanapita Muhutwe, ikawaka nyekundu. Walikuwa watu wazima wanne na mtoto, pamoja na mkungu wa ndizi na mfuko wa dagaa kwenye buti. Shemeji aliiona. Akasema, "Tusogee mpaka Kemondo, pale kuna mafundi." Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Una mtoto mgonjwa nyuma, mvua nje, na mji uko mbele kidogo. Mguu wenyewe unakanyaga mafuta. Hawakufika Kemondo. Gari lilikosa nguvu, likatoa mvuke, likazimika.

Baadaye fundi alitueleza kilichokuwa kinaendelea. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, kwa sababu kwa miaka ilijazwa maji ya bomba na ya mtoni badala ya kulanti. Kulanti si maji yenye rangi tu. Ina dawa ya kuzuia kutu na inachelewa kuchemka. Mwenye gari wa kwanza, alipoona linachemka, hakununua rejeta. Alitoa thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote, gari linachelewa kupata joto, na tatizo la rejeta linajificha kwa muda. Ndiyo maana taa ya bluu ilikuwa haizimiki. Gari lilikuwa linatuambia tangu siku ya kwanza.

"Waitu dada yangu," fundi alimwambia, "hili gari liliuzwa na homa yake imefunikwa blanketi."

Kama wangezima gari ilipowaka taa nyekundu, wangenunua vitu vinne: rejeta 150,000, mpira wa rejeta 25,000, thamostati 30,000 na kulanti 32,000. Jumla 237,000. Lakini kwa kuwa waliendelea kutembea, silinda hedi ilipinda na gasketi yake ikaungua. Ikaongezeka seti ya gasketi 80,000, kusawazisha hedi kwa mashine 50,000, ufundi 150,000 na oili mpya na filta 68,000. Jumla ikafika 585,000. Tofauti ya 348,000 ni bei ya zile kilomita chache.

Somo ni fupi. Taa nyekundu ikiwaka, egesha mahali salama, zima injini, washusheni watoto wakae mbali na barabara, tafuta usafiri mwingine wa mgonjwa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yale yana shinikizo, yatakurukia usoni na kifuani. Subiri angalau nusu saa, mpaka bomba la juu uweze kulishika kwa mkono. Na usimwage maji ya baridi juu ya injini inayowaka moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Mtoto alichukuliwa na dereva wa Noah aliyewahurumia, akafikishwa hospitali Bukoba. Usiku ule maumivu yalianza miguuni, akalazwa siku tatu. Nilimuuliza daktari kama ni ile mvua. Alinijibu kwa uangalifu kwamba hawezi kuapa, kwa sababu maumivu ya selimundu wakati mwingine huja bila kualikwa, ila baridi na kutokunywa maji kwa saa nyingi havikumsaidia. Dada hakusema neno. Shemeji alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Miguu ya gari

Baada ya lile tuliamua gari likaguliwe lote. Lilipandishwa juu, na fundi akaanza na miguu.

Barabara kuu ya Bukoba hadi Muleba ni ya lami, lakini maisha yetu hayako kwenye lami. Yako Kamachumu, Nshamba, Rubya, Kashozi, kwenye njia za mawe na makorongo zinazopanda na kushuka. Gari dogo lina matairi madogo na liko chini. Kila shimo linapigwa na mpira mdogo unaoitwa bushi. Bushi ikiisha, chuma kinagonga chuma.

Dalili zake utazisikia: mlio wa "ko, ko" ukipita kwenye tuta au mashimo, usukani kuvuta upande mmoja, tairi kulika ndani au nje tu. Kwa dada ilikuwa hivi: stabilaiza link mbili 36,000, bushi nne 48,000, bol-jointi mbili 56,000, ufundi 40,000, kupima alaimenti 25,000. Jumla 205,000.

Bol-jointi usiichezee. Ndiyo inayoshikilia gurudumu la mbele. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari linakwenda linakotaka. Bushi inaweza kusubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Bol-jointi yenye mchezo haisubiri.

Jambo jingine: ukibadilisha miguu bila kupima alaimenti, umetupa fedha. Matairi yataliwa upya ndani ya miezi michache, na tairi ni ghali kuliko alaimenti mara nyingi.

Breki na matairi

Anayeshuka kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe anajua ninachozungumza. Mteremko ule ukiushuka mguu wako ukiwa juu ya breki muda wote, pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama kama godoro. Shuka kwa gia ndogo. Hata gari la otomatiki lina nafasi ya gia ya kushukia mlima, iwe B, S, L au 2, kutegemea gari. Watu wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue.

Dada alilipa: pedi za mbele 35,000, breki shu za nyuma 40,000, mafuta ya breki 12,000, ufundi 20,000. Jumla 107,000. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na ukanda wetu wa ziwa una unyevu na mvua nyingi, kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, si kuongezewa juu tu.

Kwa matairi, inama usome. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na meno mazuri kabisa, lakini mpira wake umekauka. Gari la dada lilikuwa na mawili ya namna hiyo, yote ya mbele. Mapya mawili yalikuwa 240,000. Matairi ya mtumba yangekuwa nusu ya bei, na fundi mmoja alituletea. Tulisoma tarakimu zake: yalikuwa na umri mkubwa kuliko yale tuliyokuwa tunayatoa.

Oili ya giaboksi: uliza kabla hayajamwagwa

Hapa ndipo tuliponusurika. Gari la dada lina giaboksi ya CVT, isiyokuwa na gia za kawaida ila mkanda wa chuma unaoteleza kati ya puli mbili. Giaboksi hii ina oili yake maalumu. Ukiweka ile ya otomatiki ya kawaida, itakubali kwa muda, kisha itaanza kuteleza, kuvuma, kukosa nguvu mlimani, na mwisho kufa. Giaboksi nzima, hata ya mtumba, ingemeza mshahara wa dada wa miezi kadhaa.

Kijana wa gereji ya kwanza alikuwa amekwisha kufungua mkebe wa oili ya kawaida. Shemeji akauliza tu, kwa kuwa siku ile hamu ya kuuliza ilikuwa imemwingia, "Hii ni ya CVT?" Kijana akasema zote ni moja. Si kweli. Tuliondoka, tukanunua sahihi: lita nne kwa 112,000, ufundi 20,000, jumla 132,000.

Kabla hujanunua Vitz, IST, Passo au gari jingine dogo, jua giaboksi yake ni ya aina gani. IST za toleo la kwanza, zilizoanza mwaka 2002, zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Vitz za kuanzia 2005 zenye injini ya 1,300 nyingi ni CVT. Usikisie. Mwombe fundi asome kibati cha gari au kijitabu chake, kisha andika jina la oili kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa dereva.

Umeme, plagi na taa ya injini

Gari lilianza kutetemeka likisimama, na taa ya injini ya rangi ya chungwa ikawaka. Fundi mmoja alisema ni pampu ya mafuta, mwingine akasema ni sensa. Tukalipa 20,000 lipimwe kwa mashine. Koili moja ilikuwa imekufa na plagi zimechakaa. Koili 55,000, plagi nne 60,000. Kama tungefuata ubashiri, tungenunua pampu na tatizo lingebaki palepale.

Betri nayo iligoma wiki ya baridi: 130,000. Ukiona gari linaita kwa uchovu asubuhi, usisubiri siku ya kliniki.

Na oili ya injini, ambayo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Tulimwaga mara tatu mbali na ile ya silinda hedi: oili 50,000, filta 8,000, ufundi 10,000, yaani 68,000 kila mara, jumla 204,000. Injini hizi ndogo zina cheni ndani badala ya mkanda wa mpira, na cheni hiyo inaishi kwa oili safi. Magari ya umri huu pia huanza kula oili bila kuvuja. Chomoa kijiti chake kila Jumamosi, gari likiwa limepoa na limesimama pa tambarare. Inachukua dakika moja.

Mambo mawili ambayo mafundi hawayataji

Hapa narudi kwenye kazi yangu.

La kwanza ni moshi. Egzosi ya gari la dada ilikuwa imetoboka chini ya viti vya nyuma. Kelele waliizoea. Wasichokijua ni kwamba moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya gari lililofungwa vioo kwa ajili ya mvua, inang'ang'ania damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ya oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtoto akitapika na kulala kila safari, tunasema hapatani na gari. Inawezekana. Lakini kagua egzosi kwanza, hasa kama dalili zinaondoka mkishuka na kupata hewa. Watoto wadogo, wajawazito na wenye upungufu wa damu huumia mapema kuliko wengine. Kuchomelea tundu lile kuligharimu 25,000. Ndiyo matengenezo ya bei ndogo kuliko yote kwenye daftari letu, na ndiyo ninayoyafikiria zaidi usiku.

La pili ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofunguka gari linapogonga. Kampuni ya Takata ya Japan ilitengeneza mifuko iliyowekwa kwenye makumi ya mamilioni ya magari duniani, zikiwamo baadhi ya Vitz na Yaris za kuanzia 2005. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifunguka unaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Magari hayo yaliitwa yabadilishiwe mifuko bure, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Gari lililouzwa nje ya Japan kabla ya kubadilishiwa linaweza kuwa barabarani hapa kwetu. Chukua namba ya chesesi kwenye kadi ya gari, ulizia kwa wakala wa Toyota au uikague kwenye tovuti ya Toyota ya Japan. Wakati unasubiri jibu, mtoto akae nyuma.

Na hata mfuko ukiwa mzima, mtoto akae nyuma na afunge mkanda. Mtoto mchanga kwenye kiti chake kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa abiria kwa hadi asilimia 50. Kwenye gari la dada mikanda ya nyuma ilikuwa imezama chini ya viti, haijawahi kutumika. Kuitoa hakukugharimu hata senti.

Hesabu ya mwaka

Jumlisha: kuchemsha 585,000, miguu 205,000, breki 107,000, matairi 240,000, betri 130,000, plagi, koili na vipimo 135,000, oili ya injini 204,000, oili ya giaboksi 132,000, egzosi 25,000. Ni shilingi 1,763,000. Hapo sijaweka mafuta, bima wala faini.

Hiyo ni karibu moja ya tano ya bei ya gari, ndani ya mwaka mmoja. Kwa mwezi ni kama 147,000. Dada anakatwa mkopo wa SACCOS kila mwezi, kisha hii inafuata. Kuna miezi miwili alichelewa kununua dawa za mtoto, hakuniambia. Nilikuja kuiona kwenye daftari lake: "koili" imeandikwa, na mstari wa dawa chini yake umeachwa wazi.

Mwaka wa kwanza kwa kawaida ndio mzito, kwa sababu unalipa madeni ya mwenye gari aliyepita. Lakini hakuna mwaka wa bure. Ukitaka gari dogo la zamani, weka pembeni kama 150,000 kila mwezi tangu siku ya kwanza, hata kama gari halijaharibika. Kama fedha hiyo haipo baada ya ada, chakula na dawa, basi gari hilo bado si lenu. Si aibu. Kukodi Noah siku ya kliniki mara moja kwa mwezi kunaweza kuwa nafuu kuliko kumiliki.

Kabla hujalipa

Nenda na fundi wako mwenyewe, si rafiki wa muuzaji. Hata ukimlipa 50,000, amekuokoa.

Lione gari asubuhi, likiwa la baridi, kabla muuzaji hajaliwasha. Akikuambia "nimelipasha kidogo," rudi kesho.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi. Ukiona maji ya kahawia, huo ni kutu. Fungua kifuniko cha oili: ukiona povu kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka.

Tazama ile taa ya bluu. Kwenye mwendo wa kawaida inapaswa kuzimika ndani ya dakika chache. Ikiendelea kuwaka, uliza thamostati iko wapi.

Lipandishe mlima, si kulizungusha mtaani Bilele tu. Lishushe pia.

Kagua kadi, namba ya chesesi, faini za trafiki na madeni ya maegesho. Kisha badilisha umiliki TRA mara moja, maana bila hivyo unaendesha gari la mtu mwingine lenye madeni yake.

Na muulize mwenzi wako, kabla hamjasafiri, taa nyekundu ikiwaka mtafanya nini. Lijibuni swali hilo mkiwa nyumbani mmekaa, kwa sababu barabarani na mtoto mgonjwa nyuma hakuna anayefikiri vizuri.

Mtoto wa dada anaendelea vizuri. Siku za kliniki sasa kwenye gari kuna blanketi, chupa mbili za maji ya kunywa, koti la mvua na namba ya dereva mmoja wa Noah. Mwezi uliopita nilisafiri nao kutoka Muleba. Shemeji aliwasha gari, akataka kuondoka kwa kasi kwa kuwa tumechelewa. Sauti ndogo ikatoka kiti cha nyuma, mkanda umefungwa: "Baba, usikimbize kwanza, ya bluu bado inawaka." Shemeji akapunguza mwendo. Tulipofika kona ya kwanza, ikazimika.